Gari Likiondoka, Moyo Ubaki Mzima

Je, msomaji mpendwa, umewahi kumwona mtu mzima, mwenye jamii na heshima zake, akitokwa na machozi kwa sababu ya gari? Watu kama hao wapo. Hawalii barabarani wala mbele ya mnunuzi. Hulia usiku, gari likishatoka langoni, wakitazama doa la mafuta lililobaki pale lilipokuwa likiegeshwa.

Watu huachana na magari yao kwa sababu nyingi. Kuna aliyestaafu, na pensheni haitoshi petroli, bima na fundi. Kuna aliyepoteza kazi. Kuna aliyeambiwa na daktari kwamba macho yake au kifafa hakimruhusu tena kushika usukani. Kuna pia aliyechoka kuketi saa tatu kila siku katika msongamano wa magari, akaamua mwenyewe kwamba yametosha.

Sababu ni tofauti lakini maumivu hufanana. Makala haya yanaeleza kwa nini maumivu hayo hutokea, na jinsi kazi ndogo ya mikono, yaani sanaa inayotokana na vitu vyako mwenyewe, inavyoweza kukusaidia kuliaga gari bila kuugua moyo. Mwishoni kuna zoezi la wiki nne ambalo unaweza kulifanya nyumbani kwa gharama ndogo.

KWA NINI KITU HUUMA KIKITOKA

Mwaka 1990 wasomi watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi sana. Waliwagawia baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani vikombe vya kawaida, wengine hawakupewa. Kisha waliopewa waliulizwa wangeuza kwa bei gani, na wasiopewa wangenunua kwa bei gani.

Wenye vikombe walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Kikombe kilikuwa kile kile. Tofauti ilikuwa moja tu: kwa dakika chache mtu alikuwa amesema moyoni, "Hiki ni changu."

Sasa fikiria. Kama kikombe cha dakika chache kinamshika mtu hivyo, itakuwaje gari la miaka 12?

Gari hilo ndilo lililomleta nyumbani mtoto mchanga kutoka hospitali. Ndilo lililompeleka mzazi wako hospitalini mara ya mwisho. Krismasi lilibeba magunia na watoto hadi mashambani, na mlipofika, majirani walitoka nje kutazama.

Isitoshe, katika miji yetu gari ni kama cheti. Askari wa lango humpigia saluti mwenye gari, lakini humuuliza mwenda kwa miguu, "Unaenda wapi?" Mwenye gari akiliuza huona kana kwamba ameteremshwa cheo mbele ya jirani, wakwe na wafanyakazi wenzake.

Kwa hiyo, ukihisi huzuni usijione mjinga. Umepoteza kitu kilichokuwa sehemu ya maisha yako, na kila anayepoteza huomboleza.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Katika jamii nyingi za Kenya, nguo za marehemu hazitupwi ovyo. Jamaa hukutana siku iliyopangwa, na kila vazi hupewa mtu mbele ya watu. Nguo huondoka nyumbani, lakini huondoka kwa utaratibu, na waliobaki hupata nafasi ya kumtaja mwenyewe.

Gari halina utaratibu kama huo. Mnunuzi huja, hupiga teke tairi, huhesabu pesa, huondoka. Jioni nyumba ni kimya.

MTU ALIYEPONDA MALI YAKE YOTE

Katika nchi nyingine wako wasanii waliojaribu kutafuta utaratibu wa kuagana na vitu. Wa kwanza tutakayemtazama ni Michael Landy, Mwingereza.

Mwezi Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 37, Landy aliingia katika jengo lililokuwa duka kubwa la nguo katika barabara ya Oxford Street, London. Humo alikuwa ameweka mitambo na mkanda mrefu unaozunguka, mfano wa ule unaobeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege. Juu ya mkanda huo aliweka kila kitu alichokuwa nacho duniani.

Kabla ya siku hiyo alikuwa ameviandika vitu vyake vyote katika orodha, kimoja kimoja. Vilikuwa 7,227. Soksi zilikuwamo. Barua za mapenzi, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, picha alizopewa na wasanii rafiki zake, vyote vilikuwamo. Na gari lake aina ya Saab 900 lilikuwamo pia.

Kwa muda wa wiki mbili, yeye na wasaidizi waliovaa ovaroli za buluu walivifungua vitu hivyo sehemu kwa sehemu, wakavikata na kuvisaga. Gari lilifumuliwa kama fundi wa Grogan anavyofumua gari la kuuza vipuri, ila hapa hakuna kipuri kilichouzwa. Watu zaidi ya 40,000 walifika kutazama. Mwishoni yalibaki mabaki yenye uzito wa karibu tani 6, yakaenda kufukiwa jaani. Kazi hiyo aliiita Break Down.

Baadaye Landy alisimulia kwamba siku nyingine alijawa na furaha kubwa, na siku nyingine aliona kama anahudhuria mazishi yake mwenyewe, maana walikuja watu ambao hakuwa amewaona kwa miaka.

Miongoni mwa vitu vya mwisho kabisa kuingia katika mashine lilikuwa koti la ngozi ya kondoo la baba yake. Mzee huyo alikuwa mfanyakazi wa kuchimba mahandaki. Mwaka 1977 aliumia vibaya katika ajali kazini, na hakuweza tena kurudi kazini. Gari halikumpa Landy shida kama koti hilo.

Baada ya hapo Landy alikaa kipindi kirefu bila kutengeneza kazi mpya. Aliporudi kazini mwaka 2002, alichora nini? Alichora magugu. Yale magugu madogo yanayoota katika nyufa za njia za waendao kwa miguu, ambayo hakuna anayeyapanda wala kuyamwagilia maji. Aliyachora mzizi, jani na ua, kwa uangalifu kama wa daktari.

Kisha mwaka 2004 alijenga ndani ya jumba la sanaa la Tate Britain mfano kamili wa nyumba ya wazazi wake, kwa ukubwa wake wenyewe, kazi iliyomhusu baba yake. Ni kana kwamba koti lililosagwa lilikuwa halijamwacha.

MAMA WA BEIJING

Mfano wa pili unatoka Uchina. Mwaka 2002 msanii Song Dong wa mji wa Beijing alifiwa na babake. Mamake, Zhao Xiangyuan, alizama katika huzuni.

Mama huyu aliishi miaka ya uhaba, wakati bidhaa nyingi ziligawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo alikuwa na tabia ya kutotupa kitu. Mumewe alipofariki, tabia hiyo ilizidi. Nyumba ilijaa chupa, vifuniko, mirija ya dawa ya meno iliyokwisha, viatu vikuukuu, beseni, vitambaa na vipande vya sabuni vilivyokauka kama mawe. Watoto walipojaribu kusafisha, mama alikasirika.

Sabuni hizo zilikuwa na hadithi yake. Mama alikuwa amezihifadhi miaka mingi ili ampe mwanawe atakapooa, asije akapata taabu aliyoipata yeye. Lakini mwanawe alipooa tayari alikuwa na mashine ya kufulia. Hakuelewa wakati huo kwamba anakataa mapenzi ya mamake.

Mwaka 2005 Song Dong alimwomba mamake wafanye kazi pamoja. Walivitoa vitu vyote vya nyumba, zaidi ya 10,000, wakavipanga sakafuni katika jumba la maonyesho, aina kwa aina, kando ya mbao za sehemu ya nyumba yao ya zamani. Mama mwenyewe alikuwepo akipanga na kuwaeleza watazamaji habari ya kila kitu. Watazamaji nao walimsimulia mambo ya nyumba zao.

Yule mama aliyejifungia na vitu vyake akawa mwalimu mbele ya watu. Kazi hiyo ilionyeshwa baadaye katika miji mingine, ikiwemo New York mwaka 2009 na London mwaka 2012. Mama alifariki mwaka 2009.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tazama tofauti ya hawa wawili. Landy aliharibu kila kitu kwa siku 14. Song Dong hakuharibu kitu. Alipanga na kumwacha mamake azungumze. Lakini wote wawili walianza na jambo moja: waliorodhesha na kutambua kila walichokuwa nacho.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii huambiwa mfanyabiashara. Hapa inamfaa hata anayeomboleza. Kitu kikiondoka bila kutajwa, maumivu hubaki bila jina. Kikitajwa, kikachorwa, kikasimuliwa, mtu hujua hasa ni nini kilichomuuma. Mara nyingi si chuma wala injini. Ni mtu, au safari, au siku fulani.

Somo la pili ni kwamba hakuna lazima ya kuharibu ili uwe huru. Hatukushauri ufuate njia ya Landy. Pasipoti na cheti cha kuzaliwa ni vya kutunzwa, na koti la babako usilitie katika mashine. Mtu aliye katika huzuni nzito hapaswi kugawa au kuharibu mali yake yote kwa ghafla.

Somo la tatu ni mikono. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO), tawi la Ulaya, lilitoa ripoti iliyokusanya matokeo ya uchunguzi zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba kuchora, kuimba, kucheza ngoma na kazi nyingine za sanaa huchangia kuzuia baadhi ya matatizo ya afya na kuwasaidia wagonjwa wanaotibiwa. Sanaa haichukui nafasi ya dawa wala ya daktari. Husaidia kando yao.

Wala usiseme, "Mimi si msanii." Hapa Nairobi, Cyrus Kabiru amejulikana duniani kwa miwani anayoitengeneza kwa takataka za mji. Alianza akiwa mtoto, alipotamani miwani na babake akamwambia ajitengenezee. Kabiru ametumia pia vipande vya baiskeli kuukuu za Black Mamba, zile zilizobeba maziwa na abiria kabla ya bodaboda. Kioko Mwitiki naye ameunda ndovu na wanyama wengine kwa vyuma chakavu.

Na wewe mwenyewe, kama ulikulia mashambani, bila shaka ulitengeneza gari la waya lenye magurudumu ya ndara zilizokatika. Mikono yako inajua kazi hiyo tangu zamani.

MWILI NAO HUPATA NINI

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wengi husahau. Gari likiondoka, miguu hurudi kazini.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi mashuhuri kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Waliwalinganisha madereva, ambao hukaa siku nzima, na makondakta, ambao wakati huo walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa, ngazi kati ya 500 na 750 kila siku ya kazi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na waliougua waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi.

Walifanya kazi katika basi moja na kupumua hewa ile ile. Uchunguzi zaidi uliofuata kwa miaka mingi umethibitisha kwamba mwili unaotembea hujikinga dhidi ya maradhi ya moyo, shinikizo la damu na kisukari.

Leo WHO hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kiasi kila wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Ukitembea kwa haraka dakika 15 hadi steji asubuhi, na dakika 15 jioni kurudi nyumbani, umetimiza kipimo bila kulipa ada ya ukumbi wa mazoezi. Hata hivyo, kwa hesabu ya shirika hilo, mwaka 2022 karibu watu wazima 31 katika kila 100 duniani hawakufikia kipimo hicho.

Lakini tuseme ukweli. Mamia ya maelfu ya watu wa Nairobi hutembea kila siku kwa sababu hawana nauli, si kwa kupenda. Hupita kwenye vumbi, moshi na matope, na katika barabara zetu waendao kwa miguu ndio wanaouawa kwa wingi kuliko watumiaji wengine. Kutembea ni dawa pale ambapo njia ni salama.

Pia, si kila mtu anapaswa kuacha gari. Mlemavu ambaye gari ndilo miguu yake, au mtu anayetegemea gari kwa kazi yake, asiliuze kwa kusukumwa na maneno ya watu. Makala haya ni ya yule ambaye tayari ameamua, au ameamuliwa na hali.

ZOEZI LA WIKI NNE

Anza zoezi hili mwezi mmoja kabla ya kulikabidhi gari. Kama limeshaondoka, bado unaweza kulifanya kwa vitu vilivyobaki, picha na kumbukumbu zako. Unahitaji daftari, penseli, kalamu za rangi za nta za watoto, karatasi nyepesi, gundi, na sanduku moja la viatu.

Wiki ya kwanza: Orodhesha. Fungua buti, dashibodi, mifuko ya milango na chini ya viti. Andika kila kitu na kukipa nambari. Mbele ya kila kitu andika sentensi moja ya habari yake. Kwa mfano: "Nambari 14. Kifungo cha sare ya shule, cha mtoto wa pili, alipokuwa darasa la tatu." Usitupe chochote wiki hii. Kila siku tembea dakika 10.

Wiki ya pili: Piga chapa na uchore. Tandaza karatasi nyepesi juu ya tairi, juu ya ufunguo, juu ya herufi za jina la gari, kisha sugua taratibu kwa kalamu ya nta iliyolazwa ubavu. Sura ya kitu itajitokeza kwenye karatasi. Halafu keti kwenye kiti chako cha dereva, injini ikiwa imezimwa, uchore unachokiona: usukani, kioo, rosari au tasbihi iliyoning'inia. Usijali kama mistari imepinda. Tembea dakika 15 hadi 20 kwa siku.

Wiki ya tatu: Gawanya. Panga vitu katika mafungu matatu. La kwanza ni vya kutumika: jeki, spana, kamba ya kuvutia, kisanduku cha huduma ya kwanza. Vinavyopaswa kubaki na gari uviache humo, vingine umpe mtu atakayevihitaji. La pili ni takataka. La tatu ni vya kumbukumbu, na hivi visizidi sanduku moja la viatu. Sanduku likijaa na bado kuna kitu mkononi, chagua kimoja kitoke. Hapa ndipo utajua ni nini hasa unachokipenda. Tembea dakika 20 hadi 25.

Wiki ya nne: Unganisha na kuaga. Tengeneza kitu kimoja kutokana na sanduku hilo. Unaweza kubandika risiti, chapa na michoro juu ya ubao na kuutia katika fremu. Unaweza kushona kipande cha kitambaa cha viti kuukuu kiwe mto. Au kaa na watoto muunde gari la waya lenye rangi ya lile linaloondoka. Kabla mnunuzi hajafika, ita watu wa nyumbani, kila mmoja ataje safari moja anayoikumbuka. Kisha toa ufunguo. Sasa tembea dakika 30, siku tano kwa wiki.

Katika matembezi hayo beba daftari. Mara moja kwa wiki simama mahali salama uchore kitu kimoja ambacho ulipokuwa na gari hukukiona: mti wa mjakaranda, kibanda cha fundi wa viatu, au gugu kama yale ya Landy.

TAHADHARI

1. Usijaribu kukata au kufungua gari zima nyumbani. Mifuko ya hewa iliyo ndani ya usukani ina kilipuzi na inaweza kukujeruhi. Pedi za breki za magari ya zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani.

2. Usifungue betri kabisa. Ndani mna asidi na madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Wakenya tumeona hayo katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi walidhurika kwa sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Betri iliyokwisha irudishe kwa muuzaji.

3. Usichome tairi wala waya zenye plastiki ili upate chuma. Moshi wake ni sumu kwako na kwa jirani.

4. Nambari za usajili huenda na gari. Usizing'oe ukaziweka ukutani. Hakikisha pia umiliki umehamishwa rasmi katika mfumo wa NTSA kwa jina la mnunuzi, maana gari likifanya kosa, anayetafutwa kwanza ni aliyeandikishwa.

5. Ukivuka barabara kuu, tumia daraja la waendao kwa miguu hata kama ni mbali. Usiku vaa nguo nyeupe au inayong'aa.

6. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au shinikizo la damu lililopanda amuulize daktari kabla ya kuanza matembezi. Mgonjwa wa kisukari avae viatu visivyombana na akague nyayo zake kila jioni, kwa kuwa kidonda kidogo kinaweza kumletea hatari kubwa.

UMWONE DAKTARI LINI?

Huzuni ya kawaida hupungua siku zinavyosonga. Lakini ukiona mambo haya yanadumu zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali: kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula, kutopenda tena mambo uliyoyapenda, kujiona huna thamani. Ukiwaza kujidhuru usisubiri hata siku moja. Mwambie mtu wa karibu, muende hospitali pamoja siku hiyo hiyo.

Vivyo hivyo, kama kuna mtu nyumbani asiyeweza kutupa hata karatasi, hadi vyumba havipitiki na jiko halitumiki, hilo huweza kuwa ugonjwa. Tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wameutenga katika mwongozo wao kama maradhi yanayojitegemea, na una matibabu. Usimsafishie kwa nguvu wakati ametoka. Mkumbuke mama wa Beijing, aliyefunguka pale mwanawe alipoketi naye na kumsikiliza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu maswali haya kwa maandishi kabla ya kuanza zoezi. Ni vizuri uwe na mtu wa kujadiliana naye.

1. Gari lako likiondoka leo, ni kitu gani kimoja utakachokikosa zaidi? Je, ni gari lenyewe au ni mtu aliyekuwa akikaa ndani yake?

2. Ni nani unayeogopa akuone ukisubiri matatu kwenye steji? Kwa nini yeye?

3. Unatembea dakika ngapi kwa wiki hivi sasa? Zimebaki ngapi kufikia 150?

4. Kati ya Landy na Song Dong, ni yupi aliyekukaribia kwa tabia? Hilo linakufundisha nini juu yako?

5. Ni kitu gani katika nyumba yako ambacho mzazi alikuwekea na hukuwahi kuuliza sababu?

Msomaji, swali hilo la mwisho usiliahirishe. Kama mzazi huyo yu hai, mwendee Jumapili hii umuulize. Kama huna gari la kukufikisha, panda matatu, na pale inapokushusha umalizie safari kwa miguu.